Skrini ya Mwalimu Riungu

Sebuleni kwa Karwirwa, karibu na soko la Nkubu, kila kitu kimevaa nguo. Makochi yamevaa vitambaa vyeupe vya kufumwa kwa mkono, redio imevaa, meza imevaa, na hata kalenda ya mwaka juzi ingevaa kama ingekuwa na mabega. Ila kitambaa kilichofumwa kwa subira kuliko vyote, chenye waridi katika pembe zote nne, kilifunika skrini ya kompyuta ya marehemu mumewe. Kila Jumamosi alikivua, akaipangusa skrini, akaitazama kidogo, kisha akakirudisha. Alifanya hivyo miaka minne. Mgeni angedhani ni usafi tu, naye Karwirwa angemwacha adhani.

Mwalimu Riungu alikuwa mtu wa maneno mengi darasani na machache nyumbani. Katika miaka thelathini na mmoja ya ndoa hakuwahi kumwambia mkewe kwamba anampenda. Alimwambia chai imekolea, akamwambia mvua imechelewa, na akitoka hapo alifungua gazeti. Wanaume wa rika lake walikuwa hivyo, na Karwirwa hakuwa mwanamke wa kulalamikia kukosa jambo ambalo hata jirani zake hawakuwa nalo.

Alipostaafu, Riungu alijinunulia kompyuta kuukuu mjini Meru akaipanga kwenye chumba kidogo. Majuma mawili ya mwisho ya maisha yake alijifungia humo kila jioni kabla ya chakula. Karwirwa, akiwa jikoni, alimsikia akizungumza, akinyamaza, akizungumza tena. Siku moja alibisha mlango kumuuliza anaongea na nani.

"Ngoja," Riungu akamjibu. "Ni yako. Bado haijaisha."

Juma lililofuata presha ikamwangusha kwenye majani chai, saa nne asubuhi, na hakuamka tena.

"Ni yako." Maneno hayo mawili yalimkaa Karwirwa rohoni. Sura ya mumewe alikuwa nayo, picha zilijaa ukutani. Kilichomponyoka ni sauti. Siku moja, akimenya viazi, alijaribu kukumbuka jinsi Riungu alivyokuwa akicheka, akakuta hakumbuki tena. Aliweka kisu chini. Jambo hilo lilimtisha kuliko hata siku ya mazishi, maana siku ile angalau alijua ni nini kinafukiwa.

Utauliza kwa nini hakumwomba bintiye msaada. Mwendwa yuko Timau, kwenye shamba la maua, na Krismasi hufika nyumbani. Lakini angeuliza, "Mum, unatafuta nini kwa kompyuta ya baba?" Sasa mama wa miaka hamsini na tisa ajibu nini? Kwamba anatafuta maneno ya mapenzi? Bora ardhi ipasuke immeze.

Basi alijaribu mwenyewe, mara moja tu, mwaka wa kwanza. Alichomeka waya wa skrini ukutani akabonyeza kitufe. Taa ndogo ikawaka, maneno mawili ya Kiingereza yakaelea huku na huku, kisha giza. Karwirwa akaona kwamba Riungu yumo humo ndani, ila yeye hajui namna ya kumfungulia. Basi mwaka wa nne, kanisani kulipotangazwa masomo ya kompyuta kwa wasiojua kitu, kila Alhamisi alasiri ukumbini, yeye akawa wa kwanza kuandikisha jina. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka.

Mwalimu wao aliitwa Gatakaa, umri sawa na Mwendwa, sauti ndogo na msimamo mkubwa. Juma la kwanza aliwafundisha kuwasha na kuzima na kushika mausi bila kuinyonga. Juma la pili kila mmoja aliandika barua fupi. Karwirwa aliandika kwa kidole kimoja, kama anayepima moto wa sufuria, lakini aliimaliza kabla ya wengine na kuihifadhi alivyoelekezwa.

Juma la tatu Gatakaa aliingia na swali.

"Akina mama, zile barua zenu ziko wapi saa hii?"

"Si ziko tu hapo kwa skrini," akasema Ruguru, mwenye duka la mbolea. Wote wakakubali, Karwirwa kwa sauti kuliko wote.

 Gatakaa alichomoa nyaya za skrini iliyokuwa mezani kwa Karwirwa, akaibeba mpaka dirishani akaiweka sakafuni. Akachukua nyingine ya meza ya pili, ndogo, yenye mikwaruzo, akaichomeka mahali pa ile ya kwanza. Akabonyeza hapa na pale. Barua ya Karwirwa ikajitokeza nzima: Mpendwa Mwendwa, mimi sijambo, ng'ombe amezaa ndama dume.

"Hii skrini hata haijui Mwendwa ni nani," Gatakaa alisema. "Skrini ni ya kuonyesha tu. Kazi inafanyika huku ndani." Akaligonga sanduku la chuma lililokuwa chini ya meza. "Hii ndio sipiyu. Na ukishasevu kitu, kinawekwa kwa diski, na diski iko humu humu. Skrini ikivunjika, unanunua ingine na vitu vyako viko. Lakini ukitupa hili sanduku, mama, umetupa kila kitu."

Wengine waliinamia daftari wakaandika. Karwirwa aliinua mkono.

"Mwalimu, na ikikaa bila stima? Vile vitu vinapotea?"

"Ile hujasevu inaenda hapo hapo. Ile umesevu inakaa."

"Inakaa miaka mingapi?"

"Hata kumi, mama, kama haijaharibiwa."

Karwirwa akashusha mkono. Hakuandika kitu. Ukumbi ulimzunguka, na alichokiona mbele yake hakikuwa Gatakaa wala kompyuta. Alikiona kibanda cha kuku.

Maana sanduku alilijua vizuri. Lilikuwa jeusi, zito, halina sura wala pembe ya kuvalishwa kitambaa. Wakati wa matanga, nyumba ilipojaa watu, lilipigwa teke na kila aliyepita. Yeye mwenyewe, kwa mikono yake, aliibeba skrini akaiweka mahali pa heshima sebuleni, kisha akalibeba sanduku akalitupa kwa kuku. Kuku wakalipenda. Walilala juu yake miaka minne.

Siku hiyo hakupitia sokoni wala hakuamkua mtu njiani. Alifika, akafungua kibanda, akalikuta pale pale chini ya vijiti, jeupe kwa kinyesi, manyoya yamenasa kwenye matundu. Alikaa chini kwenye maranda akalia, kuku wakimzunguka wakidhani ameleta mahindi.

"Nimekupangusia kioo," alisema. "Wewe mwenyewe nimekuacha huku."

Alipojikaza alilitoa nje, akachota ndoo ya maji, akatia sabuni ya unga, akashika brashi. Bahati yake ni kwamba alimpigia Gatakaa simu kwanza. Alimweleza yote bila kuficha, mpaka ile "ni yako", kisha akasema, "Cheka kama unataka kucheka."

Gatakaa hakucheka. "Mama, umeliosha?"

"Brashi ndiyo hii mkononi."

"Weka chini! Usiguse na maji, na usiiwashe. Ipeleke Meru kwa Abdihakim, duka lake liko nyuma ya soko. Mwambie ni mimi nimekutuma."

Kesho yake, Ijumaa, Karwirwa aliliviringisha sanduku kwenye leso akalipeleka mjini. Abdihakim alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nyekundu za hina na miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kipajini. Alilifunua, akanusa, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, hii kompyuta ilikuwa inafuga kuku?"

"Kuku ndio walikuwa wanaifuga," Karwirwa alijibu, na hakuwa na hamu ya mzaha.

Fundi akafungua skrubu. Ndani kutu ilikuwa imekula vingi, naye akavitaja kimoja kimoja kama anayesoma orodha ya marehemu: hiki kimeisha, hiki kimeisha, hiki hata usiulize. Mwishowe akatoa kitu bapa cha chuma, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, akakipangusa kwa kidole.

"Diski ni hii. Imekaa kavu. Lakini sikuahidi, mama. Rudi Jumanne."

Zilikuwa siku nne tu, na Karwirwa aliyengoja miaka minne akaona hizo ndizo ndefu. Alichuma majani chai bila kujua kikapu kimejaa. Alijiuliza Riungu atakuwa alisema nini. Labda alisema, kwa Kimeru chao cha nyumbani, lile neno ambalo vijana hulitamka bila hata kumeza mate. Labda alikiri jambo, mtoto wa nje, deni la siri. Akaamua kwamba hata hilo angelipokea, mradi liwe kwa sauti yake. Alimtamani. Hapakuwa na njia nyingine ya kulisema. Alimtamani mumewe kwa mwili na masikio, na aliona aibu, na aliendelea kumtamani.

Jumanne saa tano alikuwa dukani. Abdihakim alikuwa ameiunganisha ile diski kwenye kompyuta yake mwenyewe.

"Imesoma," akasema. "Si yote. Angalia hapa."

Karwirwa akainama. Mafolda aliyatambua kwa umbo, Gatakaa alishawaonyesha. Mitihani. Barua. Kanisa. Na la mwisho, Mama Mwendwa. Ndani yake faili moja tu.

"Ni video," Abdihakim akasema. "Picha imeharibika, nisikudanganye. Sauti iko." Akamvalisha vipokea sauti masikioni kwa adabu, akabonyeza, kisha akageuka kuwahudumia wanawake wawili waliokuja kununua chaja.

Kwenye skrini palikuwa na viraka vya kijani na kijivu, vimeganda. Uso hakuna. Karwirwa akauma midomo. Kisha mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, cha kusafisha koo mbele ya darasa, na kabla ya neno lolote akatafuta kiti kwa mkono.

"Hamjambo," akasema Riungu. "Aa. Hujambo, Mama Mwendwa." Alikuwa ameacha Kimeru cha nyumbani na kuvaa Kiswahili chake cha darasani. "Hili ni somo la kwanza. Najua utasema wewe ni mtu wa jembe. Nimekusikia. Lakini Mwendwa yuko mbali, na mimi siku moja sitakuwepo, na sitaki uje kuomba watu wakufungulie mambo yako. Haya. Hii unayoitazama inaitwa skrini."

Somo. Karwirwa alitoa macho. Miaka minne, na mtu huyu alikuwa akitayarisha somo!

"Skrini inaonyesha tu," Riungu akaendelea. "Vitu vyetu haviko hapa. Viko kwenye lile sanduku la chini. Hilo ndilo la kutunza."

"Sasa ndiyo unaniambia," Karwirwa akanong'ona, akicheka na machozi yakimtiririka kwa pamoja.

Akamsikiliza akieleza kibodi, akieleza mausi, pole pole, akirudia kila neno mara mbili kama alivyowafanyia watoto wa darasa la kwanza. Hakusema anampenda. Alisema bonyeza taratibu, usiogope, haitaharibika. Karwirwa alielewa, akiwa hapo kwenye kiti cha plastiki, kwamba mtu huyu aliacha chakula kipoe jioni baada ya jioni ili asije akamwacha bila msaada.

"Sasa swali," Riungu akasema. "Vitu vyetu vinakaa wapi?"

Halafu kimya. Karwirwa alidhani sauti nayo imeharibika. Lakini hapana, kiti kilisikika kikilia, na kalamu ikigonga meza polepole. Riungu alikuwa akingoja. Alikuwa amekaa peke yake kwenye kile chumba, mlango umefungwa, akimwachia mkewe nafasi ya kujibu.  Karwirwa alikuwa bado anaisikiliza ile kalamu, jibu hajalitoa.

"Vizuri sana," Riungu akasema. "Nilijua utapata."

Hapo faili ikaisha.

Sifa hiyo ilimchoma kuliko ambavyo angechomwa na lawama. Alimshika Abdihakim mkono wa kanzu. "Irudishe nyuma. Pale kwa swali. Hapana, usibonyeze wewe. Nionyeshe tu, nibonyeze mwenyewe."

Fundi akamwonyesha. Karwirwa akashika mausi taratibu, akabonyeza.

"Sasa swali. Vitu vyetu vinakaa wapi?"

Kiti kikalia. Kalamu ikagonga meza.

"Kwenye sanduku, mwalimu," Karwirwa akajibu, na kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamezibwa alijibu kwa sauti kubwa mno, hata wale wanawake wa chaja wakageuka kumtazama.

"Vizuri sana," akasema Riungu. "Nilijua utapata."