Utepe Mwekundu kwenye Tanuri

Ilikuwa Jumamosi, saa tatu asubuhi, na mawingu mazito yalikuwa yamefunika kijiji bila kudondosha hata tone. Wajumbe wa Chama cha Historia waliingia katika jengo la mahakama ya zamani. Mwokaji, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akioka mikate humo, aliwapokea kwa kuwageuzia mgongo.

"Hodi," alisema Mwenyekiti, daktari wa mifugo mstaafu.

"Mmeshaingia. Hodi ya nini tena?"

Chama kilikuwa na utaratibu wake. Kila jengo la kale lililookolewa lilipewa kazi mpya: ghala la nafaka liligeuzwa zahanati, nyumba ya posta ikawa darasa la watu wazima. Sasa ilikuwa zamu ya mahakama, nayo ilitakiwa iwe maktaba. Kabla ya mafundi kugusa chochote, Katibu alipita na mkasi na tepe za rangi mbili. Kilichokuwepo siku jengo lilipofunguliwa kilifungwa utepe mweupe, kibaki. Kilichokuja baadaye kilifungwa mwekundu, kiondolewe. Utepe ukishafungwa, hakuna aliyeweza kuufungua isipokuwa Katibu mwenyewe.

Na Katibu alikuwa dada yake Mwokaji, tumbo moja. Hawakuwa wameongea tangu mama yao azikwe. Mama ndiye aliyelijenga tanuri lile kwa mikono yake, mahakama ilipohamishwa na ukumbi ukabaki mtupu, na alipofariki alimwachia binti mdogo, Mwokaji. Lilikuwa la udongo, kipande kimoja, kubwa kama ng'ombe aliyelala. Halikuhamishika. Likivunjwa, Mwokaji hana kazi.

Katibu aliufunga utepe mweupe kwenye fremu ya mlango. Akafunga mwingine kwenye jukwaa la hakimu. Kisha akasimama mbele ya tanuri na kukata utepe mwekundu.

"Dada, mikate iko ndani," alisema Mwokaji.

"Nitasubiri uitoe."

"Miaka yote hujakanyaga humu. Leo unakuja na mkasi?"

"Nimekuja kikazi."

"Kikazi! Ungekuja kikazi wakati mama anaumwa, tungekupokea kwa vigelegele."

Wajumbe walitazama sakafu. Fundi wa chama, ambaye pia alikuwa mume wa Mwokaji, alijishughulisha na ngazi yake ingawa haikuwa na tatizo lolote. Katibu hakusubiri tena; aliufunga utepe kwenye mpini wa mlango wa tanuri, mafundo mawili, akaukata mwisho wake ukawa sawa.

Mwokaji alifuta unga mikononi. Alikuwa na hasira, lakini akili ilikuwa inafanya kazi.

"Mwenyekiti, ile picha iliyo ofisini kwenu, ya siku ya ufunguzi. Jengo limeezekwa kwa nini?"

"Kwa nyasi, mama," alisema Mwenyekiti.

"Na haya mabati?"

Kila mtu alijua jibu. Mabati yaliletwa baadaye na baba yake Mwenyekiti, na Mwenyekiti hakuwahi kuchoka kulisimulia hilo.

"Basi yafungeni nayo utepe mwekundu," alisema Mwokaji. "Au kanuni yenu inang'ata watu wa chini tu?"

Alikuwa na hakika amewashika pabaya. Nyasi za kuezekea hazikupatikana tena, mashamba yalikuwa yamezila zote, na maktaba isiyo na paa ni kichekesho. Ili waokoe mabati, ingewabidi waliokoe na tanuri.

Mwenyekiti aliiona njia hiyo upesi. "Wajumbe, naona tutoe msamaha kwa vitu viwili. Paa libaki, tanuri libaki. Wasomaji watapata mkate wa moto. Kuna ubaya?"

Wajumbe walishangilia kwa sauti za chini. Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Msamaha unaombwa," alisema Katibu. "Anauomba mwenye kitu, anamwomba Katibu. Ndivyo tulivyofanya posta, ndivyo tulivyofanya ghala."

"Aseme tu 'naomba,'" alisema Mwenyekiti kwa haraka. "Ni neno moja, mama."

"Dada anasubiri," mumewe alimnong'oneza Mwokaji. "Tafadhali, mke wangu. Liseme yaishe."

Mwokaji alimtazama dada yake. Katibu alisimama wima, mkasi mkononi, macho makavu. Mwokaji alielewa kwamba mwanamke huyu hakuijia maktaba wala historia. Alikuja kusikia neno hilo likitoka katika kinywa hiki. Harufu ya mikate inayoanza kuungua ilijaa ukumbini. Mwokaji alifungua kinywa, na neno lilifika hadi kwenye ulimi.

"Sikuombi wewe tanuri la mama," alisema.

"Vizuri." Katibu alimgeukia fundi. "Shemeji, simamisha ngazi."

"Katibu, tafadhali!" Mwenyekiti alipaza sauti. "Hiyo ni kazi ya marehemu baba yangu!"

"Nawe omba."

Mwenyekiti alitazama mabati, akawatazama wajumbe wake, akaona aibu. Hakuomba. Katibu alipanda ngazi akiwa na viatu vyake vya ofisini, akaufunga utepe mwekundu kwenye boriti chini ya mabati, mafundo mawili, akashuka.

"Umeridhika?" aliuliza Mwokaji.

"Kanuni imeridhika."

"Maktaba yako itanyeshewa."

"Na wewe utakaa bure. Tuone nani ataanza kulia."

Hakuna aliyelia. Fundi aliyang'oa mabati Jumatatu, kwa sababu alikuwa ametia saini mkataba, na tangu siku hiyo alilala sebuleni. Tanuri alikataa kuligusa, na mvua ya wiki iliyofuata iliifanya kazi hiyo kwa niaba yake. Mwenyekiti alijiuzulu na kuyasomba mabati ya baba yake hadi kwenye banda lake la kuku. Wajumbe wawili waliandika barua ya kulalamika, kisha hawakuipeleka. Mwokaji aliajiriwa kupika katika shule ya kijiji cha jirani, akawa anaondoka alfajiri kwa baiskeli. Katibu alibandika tangazo la kutafuta nyasi, akafunga mlango wa mahakama kwa kufuli, na kurudi nyumbani.