Malehemu Si Neno

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha kompyuta, Veneranda alipuliza pumba zilizolala juu ya kibodi, kisha akapitisha unyoya wa kuku katikati ya vitufe. Ofisi yake ilitenganishwa na mashine za kukoboa mpunga kwa ukuta wa mbao, na mbao hazizuii vumbi. Wakati wa mavuno, Rujewa nzima inapoleta mpunga kinuni, pumba huingia hata kwenye chai.

Jumatatu ile alikuwa akiandika ratiba ya zamu za wiki. Tangu Ijumaa kitufe cha R kilikuwa na ugonjwa: ukikibonyeza, inatoka L. Jambo hilo lilimkera sana. Veneranda alikuwa ameanza masomo ya jioni akiwa mtu mzima, na Mwalimu Vitus alikuwa amewasumbua wanafunzi wake mwaka mzima kwa herufi hizo mbili. "Kula ni kwa mdomo, kura ni kwa karatasi," mwalimu alisema. "Ulimi utetemeke!" Kwa watu wengi wa pale, waliolelewa kwa Kisangu na Kihehe, herufi hizo ni kama mapacha. Ukimwita mmoja, anaitika yeyote.

Aliandika: Getini, Philbert. Akashuka mstari, akaandika: Mkandani, Obeid. Alipoinua macho, kioo kilisomeka: Mkandani, malehemu Obeid.

Alilifuta neno lile, likarudi. Alizima kompyuta, akachomoa chaji, akangoja, akawasha, akaandika upya. Lilirudi mahali pake, kabla ya jina la Obeid, likiwa na nafasi sahihi mbele na nyuma. Veneranda alisema "Bwana asifiwe," kama alivyozoea kusema akikosa la kusema, akafungua dirisha dogo la mbao, akamwita Obeid.

Obeid alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake Yusta. Ndiye aliyesimamia mkanda mkubwa unaotoka kwenye mota kwenda kwenye mashine ya kukoboa. Ukiteleza, yeye ndiye anayeurudisha. Zamani mkanda ule ulikuwa na kava la chuma. Mwaka juzi kava lilitolewa, kwa sababu lilichelewesha kazi ya kubadilisha mkanda, na Mzee Liberatus, mwenye kinu, alipoona jinsi lilivyopinda vizuri, aliligeuza juu chini, akaliziba matundu, akalifanya hori la kunyweshea ng'ombe wake. Ng'ombe walilipenda.

Obeid aliingia akiwa mweupe kwa vumbi hadi kwenye kope.

"Shemeji, umeniitia chai?"

"Nimekuita usome."

Alisoma polepole, kidole kikiwa juu ya kioo. "Malehemu. Ndiyo mimi huyo?"

"Sikuandika mimi."

"Najua. Ungeandika wewe ungeweka R." Akacheka, na kila alipocheka pumba zilidondoka mabegani. "Haya, mimi naenda, mkanda hauna subira."

Mzee Liberatus alikuja baadaye kidogo. Alikuwa mtu mpole. Kila asubuhi aliwakusanya wafanyakazi wote mbele ya mota, akavua kofia, akawaombea kwa majina. Mfanyakazi akiugua, alimtembelea na ndizi. Aliinama mbele ya kompyuta, akasoma, akanyooka.

"Malehemu si neno," alisema. "Neno lenyewe lina R. Hata mimi nisiyeitamka najua linavyoandikwa. Chapisha, ubandike."

Veneranda alichapisha, akabandika mlangoni. Makuli walisoma, wakafurahi.

"Shikamoo malehemu!"

"Malahaba," Obeid aliitikia kutoka kwenye vumbi.

"Malehemu, ukifika huko nisalimie babu. Mwambie lile panga lake limepotea."

"Nitamwambia umeuza."

Kesho yake alifika Shangazi Marta kutoka Iringa, dada wa baba yake Obeid. Alishuka na begi moja na mkeka mpana uliokunjwa, mkeka wa kukalia watu wengi. Hakuna aliyekuwa amempigia simu. Yusta alimpokea, wakasalimiana, "Kamwene," "Kamwene," akamwekea maji ya kuoga. Jioni Veneranda alikwenda kumwamkia, akamkuta ametandika mkeka uani, ameketi pembeni kabisa, kama mtu anayewaachia wengine nafasi.

"Shangazi, karibu. Kwema Iringa?"

"Kwema. Nimeona nije mapema. Mwisho wa wiki mabasi yanajaa."

Obeid alikula ugali wake hapohapo kwenye mkeka. Shangazi alimwangalia akila, akamwongezea mboga mara mbili.

Usiku ule Veneranda aliomba akiwa amepiga magoti kando ya kitanda. Alisema, "Bwana, kama ni wewe unayeandika, andika kwa namna ambayo bosi atasoma." Hakuongeza kitu. Asubuhi aliomba ruhusa, akaifunga kompyuta kwenye kitenge, akavaa sweta kwa ajili ya baridi ya Mbeya, akaenda.

Duka la ufundi lilikuwa Ilomba, kwenye chumba cha mbele cha nyumba ya kina Komal. Komal alizaliwa mtaani hapo, katika familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa. Yeye vitambaa vilimshinda. Alikuwa na bisibisi ndogo nyuma ya sikio, na alisalimia wateja kwa Kinyakyusa alichojifunza shuleni kwa marafiki zake.

"Ugonile, dada. Inasumbua nini?"

"R inatoa L. Na inamwita shemeji yangu marehemu."

"Shemeji mwenyewe yupo?"

"Yupo. Nimemwacha anakunywa uji."

Komal alitikisa kichwa kama fundi aliyekwisha kuona mengi, akaanza na njia za kawaida. Alisafisha kibodi kwa brashi na spiriti. Alitafuta virusi. Alifunga kibodi nyingine ya waya, wakaandika kwa hiyo, neno likaja vilevile. Alifuta kila kitu, akapiga Windows upya, wakasubiri wakinywa chai ya tangawizi, kompyuta ikaamka haina kitu, safi kama ya dukani. Veneranda aliandika: Mkandani, Obeid. Kioo kikaandika: Mkandani, malehemu Obeid.

"Sasa tusimsumbue Obeid," Komal alisema. "Andika mwingine hapo."

Veneranda aliandika: Mkandani, Philbert. Kikatoka: Mkandani, malehemu Philbelt.

"Haya, huyo shemeji mpeleke getini."

Getini, Obeid. Neno halikuja. Walingoja, halikuja.

"Niandike mimi. Mkandani, Komal."

Aliandikwa, akawa malehemu Komal. Aliliangalia jina lake kwa muda, akajifuta kwa mkono wake mwenyewe.

"Huo mkanda una nini, dada?"

Veneranda alimweleza habari za kava na ng'ombe. Komal alivuta kibodi, akaandika: Mkandani, kava likiwepo, Obeid. Kompyuta haikuongeza neno. Alifuta yale maneno ya kava, nalo neno likarudi kabla hajaondoa kidole.

"Dada, kompyuta hii ni nzima," alisema. "Kilichoharibika hakijaja hapa dukani." Kisha akachomoa kitufe cha R kwa ncha ya bisibisi, na chini yake akatoa punje ya mpunga, haijakobolewa, imenasa kama jino. "Hii R ninaweza kukutengenezea. Nitengeneze, au niache?"

Veneranda aliiangalia ile punje. Alikumbuka aliyoyaomba usiku, na alikumbuka bosi alivyosema kwamba neno lenyewe lina R. Aliona kwamba ameulizwa swali ambalo jibu lake amekwisha kulipigia magoti.

"Tengeneza," alisema.

Komal alipomrudishia kompyuta alimwambia, "Ndaga." Kwa Wanyakyusa neno hilo ni la kushukuru, na ni la kumpa mtu pole pia.

Alhamisi asubuhi, baada ya sala ya mbele ya mota, Veneranda alimwita Mzee Liberatus ofisini, akaandika mbele yake. Herufi zilitoka moja moja, wazi: Mkandani, marehemu Obeid.

Mzee alisoma kwa sauti. Alilitamka vilevile kama alivyolitamka Jumatatu, kwa sababu ulimi wake ulikuwa uleule, lakini safari hii alivuta kiti.

"Sasa hilo ni neno," alisema.

"Ndiyo, Mzee. Na kava likirudi, linaondoka. Tumelijaribu na fundi."

"Na ng'ombe watanywea wapi?" Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

"Kwenye ndoo, Mzee."

"Ng'ombe wa Usangu hawanywi kwenye ndoo." Alifikiri. "Jumamosi nitakwenda Igawa kununua hori. Jumamosi hiyohiyo kava linarudi. Nimesema."

"Basi tuzime mpaka Jumamosi."

Mzee alimwonyesha dirishani. Nje kulikuwa na foleni ya wakulima waliolala juu ya magunia yao, na mmoja alikuwa akipiga kelele kwamba mchele wake unasubiriwa Makambako.

"Hawa nitawaambia nini? Kwamba kompyuta imekataa? Tumwombe Mungu, mama, hizi ni siku mbili tu."

"Mungu amekwisha kujibu, Mzee. Amejibu kwa ratiba."

Mzee Liberatus aliinamisha kichwa, akaomba hata hivyo, sala ndefu na nzuri, na Veneranda akaitikia amina kwa sababu sala haikuwa na kosa. Kisha alikwenda mwenyewe mkandani. Alimkuta Obeid ameketi juu ya debe, anafunga kamba za viatu.

"Shemeji, leo nenda nyumbani. Sema unaumwa."

"Nikienda, nani atasimama hapa?"

Veneranda alitazama upande wa getini.

"Philbert," Obeid alisema. "Umeshamwona yule mtoto wake mchanga? Ana masikio kama popo." Alisimama. "Shangazi amekuja na mkeka wake, shemeji. Hakuja kunisalimia mimi. Niache nifanye kazi."

Mchana mkanda ulishika mkono wa shati lake. Shati lilikuwa limefungwa vifungo vyote, imara, kwa sababu Yusta alikuwa amevishona upya Jumapili. Mota ilizimwa. Mchele uliokuwa njiani ulimaliza kutoka wenyewe, ukajaza ndoo, ukamwagika.

Yusta hakupiga kelele mara moja. Alipoletewa habari aligeuka, akamwona Shangazi Marta anasogea pembeni ya mkeka kumpisha, akaketi pale alipopishwa. Jioni mkeka ulijaa.

Mzee Liberatus alitoa jeneza, alilibeba begani mwenyewe upande wa mbele, na makaburini alilia kwa machozi ya kweli. Jumamosi haikufaa kwenda Igawa, kwa kuwa ndiyo siku waliyozika.

Jumatatu aliingia ofisini mapema kuliko Veneranda. Alikuwa na bisibisi.

"Nimefikiri sana," alisema. "Kompyuta ilipokuwa mbovu, tulikaa salama. Imetengenezwa, tumempoteza kijana. Ubaya uko kwenye matengenezo."

Alikichomoa kitufe cha R, akakitumbukiza kwenye mfuko wa shati, akabandika plasta ya kidonda juu ya tundu. Plasta ilikaa vizuri. Mpaka leo ofisi ile inaandika bila herufi hiyo. Kinu kipo Lujewa, wilaya ya Mbalali, na balua zake zinakwenda mpaka Ilinga na kujibiwa. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Shangazi Marta alipita kinuni kuaga akiwa na begi lake tu. Mkeka alikuwa ameushika Yusta, ambaye aliuegemeza kwenye ukuta wa ofisi.

"Shangazi, mkeka wako," Veneranda alisema.

"Uache hapo, mwanangu. Kuubeba kwenda na kurudi ni kujichosha."

Akapanda gari la Iringa.

Veneranda aliketi, akapuliza pumba, akapitisha unyoya. Aliandika kama alivyoagizwa. Mkandani, Philbert. Hakufuta kilichotokea kwenye kioo: Mkandani, malehemu Philbelt. Alikichapisha, akakibandika mlangoni, akasimama kando yake badala ya kurudi ndani. Alitaka awepo kitakaposomwa.

Philbert alikuja akifunga vifungo vya ovaroli, akasoma mstari wake, akasogea karibu, akasoma tena.

"Philbert," Veneranda alisema, "usiende."

Philbert alitabasamu, akagonga karatasi kwa ukucha.

"Dada Venera, na masomo yako yote ya jioni," alisema, "R yako imekufa tena."

Akaenda kuwasha mota. Nje, ng'ombe waliinua vichwa kutoka kwenye hori, wakasikiliza, wakaendelea kunywa.