Taa ya Masizi

Ungemuuliza Patrisi kwa nini kila mara anateremka Makuyuni, angekujibu bila kupepesa macho: taa imewaka. Na kweli ilikuwa inawaka. Pikapu yake ya dizeli, ile ya kijivu anayovutia magari ya utalii yanayoharibikia njia ya Ngorongoro, ina chujio ndani ya ekzosi la kukamata masizi ya moshi. Chujio likijaa, taa ya njano inawaka kwenye dashibodi, na dawa yake ni kutafuta lami iliyonyooka, uikimbize gari bila kusimamasimama mpaka ekzosi ishike moto na masizi yaungue yenyewe. Karatu ni vilima na matuta tu. Lami iliyonyooka iko chini bondeni, ukishapita Mto wa Mbu.

Lakini jamani, lami haiishii Makuyuni, na angeweza kugeuzia popote. Makuyuni alikuwepo Marsela, mke wake, aliyefunga virago tangu baridi ya mwaka jana akaenda kukaa kwa dada yake Angelina, mwenye kibanda cha chai na chapati pale njia panda. Patrisi alimtaka mke wake arudi nyumbani. Alimtaka mpaka usingizi ukamkimbia, na mwaka mzima neno hilo lilikuwa limemkwama kooni.

Ngoja nikueleze walivyofika huko. Wakati huo alikuwa na pikapu nyingine, kuukuu, isiyo na chujio wala kompyuta, ngumu kama mwenyewe. Iwe mvua, iwe ukungu, iliwaka. Alfajiri aliiacha ingurume chini ya dirisha la chumbani mpaka ipate joto, na moshi mweusi ukawa unaingia ndani kama mwenye nyumba. Marsela ana kifua. Alikohoa mpaka akaenda hospitali, akaambiwa akae mbali na moshi na baridi. Akamwomba mumewe ailaze gari kule barabarani.

"Betri wataiba," alisema Patrisi.

Akamwomba tena.

"Mama Modest, hii gari ndiyo inayotulisha."

Basi alfajiri moja Marsela akafungua dirisha, huku anakohoa, akampungia mkono azime. Na Patrisi, sijui shetani gani alimwingia siku hiyo, akakanyaga mafuta. Vuum! Jioni aliporudi nyumbani, jiko lilikuwa la baridi na kanga zake Marsela hazikuwepo kwenye kamba.

Sasa sikia. Hata mwezi haujaisha, akaiuza ile kuukuu akanunua hii yenye chujio. Karatu wakamcheka. Hizo ni za Ulaya, mzee, dizeli yetu hii itaiziba, na wewe kazi yako ni mwendo wa kobe hifadhini na kusubiri getini injini ikiunguruma! Wakasema ameoa pikapu. Patrisi angesemaje? Kwamba mtu mzima na mvi zake amenunua gari kwa sababu ya kikohozi cha mwanamke ambaye ameshaondoka? Tena siku hizi anailaza kule barabarani, mbali na dirisha, ingawa chumbani hamna mtu wa kukohoa. Betri haijaibiwa mpaka leo.

Mke aliyeondoka hufuatwa, kila mtu anajua. Unachukua kaka yako na mzee mmoja wa jirani, mnakwenda kwao, unakaa kwenye kigoda na kosa lako unalitaja kwa mdomo wako. Patrisi angevuta basi kwa meno kuliko kukaa kwenye kile kigoda. Kwa hiyo akawa anakwenda na taa.

"Naona taa imewaka," Marsela alikuwa akisema.

"Imewaka."

"Chai?"

"Chai."

Maneno yanaishia hapo. Anakunywa polepole, anamtazama mke wake akisukuma chapati, anamsikiliza kifua. Hakohoi tena. Hilo lilimfurahisha, halafu lilimuuma, kwa sababu maana yake ni kwamba bila yeye mwanamke amepona.

"Baba Modest," Marsela alimwambia siku moja akicheka, "tangu unioe sijapanda gari yako kwenda mahali pasipo na kazi. Gari si ya matembezi, ulikuwa unaniambia. Leo unachoma dizeli kutoka Karatu mpaka huku, umebeba nini?"

"Masizi," alisema Patrisi. Angelina alicheka mpaka akakaa chini. Patrisi alilipa chai akaondoka, na njia nzima alijitukana.

Mwezi wa sita ukaja, ukungu ukashuka, na pikapu ikamwaibisha. Alikuwa anavuta gari ya utalii iliyovunjika giaboksi, anatokea bonde la Malanja kupanda ukingo wa kreta. Katikati ya mlima taa ya njano ikawa nyekundu, injini ikakata nguvu, gari ikawa inatambaa, kisha hata kutambaa ikashindwa. Wazungu wakatoa simu wapige picha. Na unajua nani alikuja kuwatoa? Ile pikapu kuukuu aliyoiuza! Ikapanda mlima na moshi wake mweusi, ikayavuta magari yote mawili mpaka Karatu mjini. Madereva getini wakapiga miluzi. Mvutaji kavutwa!

Fundi Remigius alichomeka kompyuta yake gereji, akatikisa kichwa.

"Mzee, nilikwambia. Hili chujio tulikate, tulitupe, tuweke bomba tupu. Wenzako wote wametoa. Itatoa moshi, ndiyo, lakini haitakulaza mlimani tena."

Patrisi alichoka. "Sawa," akasema.

"Kwa leo nimelizibua kidogo tu. Ikimbize lami mara ya mwisho, masizi yaungue, isije ikakulaza leo. Kesho asubuhi niletee nikate."

Mara ya mwisho. Kutoka Rhotia mpaka kuteremka ukuta wa Manyara, neno hilo lilimkaa kifuani. Kesho hakuna chujio, na bila chujio hakuna taa, na bila taa angekwenda Makuyuni kwa kisingizio gani? Alipofika bondeni alikanyaga mafuta, jua likiwaka usoni, na kabla ya Makuyuni taa ikazimika.

Kibandani alikuwepo Sairowua, mfanyabiashara wa ng'ombe, na chai yake. Habari za Ngorongoro zilikuwa zimeshamfikia.

"Mzee, nasikia uliburutwa!" akasema. "Hilo dude si ulitoe?"

"Kesho linakatwa."

Marsela aliacha kusukuma. "Na kwa nini hukulitoa tangu zamani? Mwaka mzima linakutesa, watu wanakucheka. Wewe na ubishi wako, kwa nini?"

Patrisi alitazama kikombe. Angeweza kusema chochote. Wallah, uongo ulikuwa umeshajipanga mdomoni. Lakini ilikuwa mara ya mwisho, na mwanaume alikuwa amechoka.

"Nikilitoa, moshi utarudi," alisema. "Niliinunua ili ukirudi usikohoe."

Sairowua aliweka kikombe chini, akaaga ingawa chai haijaisha. Marsela alipangusa unga mikononi. Alikichukua kile kitambaa cheupe kilichofunika chapati, akatoka nje mpaka nyuma ya pikapu, akashika bomba kuona kama limepoa. Akakizungusha kitambaa kidoleni, akakisokomeza ndani ya ekzosi.

"We Marsela, kitambaa changu!" alipiga kelele Angelina.

Kikatoka na vumbi la barabara, basi. Masizi hakuna. Marsela alikigeuza, akakitazama upande huu na upande ule, machozi yakamtoka.

"Mwaka mzima," alisema. "Mwaka mzima unaniletea habari za taa!"

"Nisamehe, mama."

"Hapana. Si hapa nyuma ya gari. Mwezi wa nane, baridi ikipungua, njoo na kaka yako, ukae kwenye kigoda, useme hayo mbele ya Angelina. Na siku ile uliyokanyaga mafuta, uitaje."

"Nitaitaja."

"Nami nitafikiria," alisema Marsela. Lakini kitambaa hakukirudisha. Alikikunja akakitia kwenye mkunjo wa kanga yake.

Patrisi alisimama Mto wa Mbu, kabla ya kupanda, akampigia Remigius.

"Kesho usinisubiri. Chujio linabaki."

"Mzee! Si taa itawaka tena?"

"Itawaka, na mimi nitateremka lami. Safari hizo nataka niende na mtu."

Akakata simu. Kwenye kiti cha pembeni kulikuwa na mnyororo wa kuvutia magari, mzito, uliokaa pale miaka yote na kukichafua. Aliutoa akautupa nyuma. Akakipangusa kile kiti kwa kiganja, halafu kwa shati lake, na mwezi wa nane ulikuwa bado mbali.