Frezi za Shimo la Mazuku

Frezi, yale matunda madogo mekundu ya Kizungu, huchumwa kabla jua halijapanda, pamoja na vikonyo vyake, bila kuoshwa, na hazipangwi zaidi ya safu mbili. Ijumaa moja ya mwaka 1954, karibu na ziwa la Lac Vert, Pascasie na baba yake Hitimana walijaza vitunga kumi na viwili hivyo hivyo, juu ya majani ya ndizi. Kila Pascasie alipoharakisha, baba yake alisema, "Usizifinye, mutoto wangu. Shika kikonyo." Nyumbani kwao hakuna aliyezila. Zilipandwa kwa amri, kwa ajili ya hoteli ya Wazungu mjini Goma.

Saa sita polisi alikuja kumchukua Hitimana. Frezi za Ijumaa iliyotangulia zilikuwa zimeoza zikingoja kamio, lile lori la hoteli, na agronome, bwana shamba wa Kizungu, alikuwa ameagiza akae kasho, yaani mahabusu, mpaka vitunga kumi na viwili vizima vipokelewe.

"Hivi hapa," Hitimana alisema, akivionyesha.

Polisi alijibu kwamba yeye hutumwa watu, hatumwi matunda.

Kamio haikuja. Watu walisema imeharibika njiani, huko Sake. Jioni Pascasie aligusa frezi moja, ikamwachia wekundu kidoleni. Nyuma ya nyumba, katikati ya mawe ya volkano, palikuwa na shimo la mazuku, ile hewa mbaya isiyoonekana, inayolala bondeni na kuua mbuzi. Alishusha kibatari kwa kamba, kikazimika; panapozimika moto, aliwaza, hata kuoza huzimika. Basi akashusha vitunga, kimoja kimoja, bila kuinama.

"Utawalisha Wazungu mazuku?" aliuliza jirani yake, Mama Kanyere.

"Tunda halina pua, mama."

"Wakikufa, useme nilikukataza. Wakipona, useme tulishauriana."

Kila asubuhi Pascasie alisikiliza barabara. Alipopeleka chakula kasho, baba yake alikohoa kwanza, kisha akauliza, "Bado kuoza?"

"Bado, papa," alijibu, naye hajaziangalia.

Siku ya kumi alishindwa kuvumilia, akavuta kitunga kimoja. Umande ulikuwa bado juu ya frezi. Sisimizi aliyekuwa ameinua mguu aliushusha na kuendelea na safari yake. Na kutoka kati ya majani Hitimana akasema, kwa sauti ya asubuhi ile ya kuchuma, isiyo na kikohozi, "Usizifinye, mutoto wangu. Shika kikonyo."

"Huyu amelala vizuri," alisema Mama Kanyere, aliyesimama nyuma yake. "Na yule wa kasho?"

"Yule anakohoa."

Pascasie alikirudisha kitunga upesi, kwa kuwa jua lilikuwa linakaribia. Hakuvuta kingine, ingawa alitamani.

Kamio ilifika Ijumaa ya nne. Vitunga vilitolewa shimoni, vikapangwa barabarani, na kila jani lilipofunuliwa Hitimana alisema neno lake. Agronome aliuma frezi moja bila kuinua kichwa.

"Hii ya leo."

"Ni za siku ile mulimuchukua papa, Bwana."

"Ya leo. Na baba yako iko anasema hapa. Iko anavuna na wewe."

"Iko kasho, Bwana."

"Mutu moja haiko kasho na shambani. Kama iko shambani, mimi nitafungulia nani?"

Agronome aliandika hivyo kwenye karatasi, akampa Pascasie. Kamio ikaondoka, na sauti ya Hitimana ilisikika mpaka kwenye kona.

Mlinzi wa kasho aliisoma karatasi mara mbili. Alisema kwamba, kwa maandishi haya, aliye ndani si Hitimana, na hivyo hawezi kupokea tena chakula cha Hitimana. Pascasie alikiacha mlangoni. Ndani mtu alikohoa, akauliza kama bado hazijaoza.

"Bado, papa," alisema.

Ijumaa iliyofuata vilitakiwa vitunga kumi na viwili vingine. Pascasie alivichuma peke yake, kwa vikonyo, bila kufinya, mdomo ameufunga tangu alfajiri, ili kisibaki chochote chake, hata sauti, humo vitungani.