Amri ya Mstari wa Sitini

Watu wa idara ya kompyuta walimwita dada Mwalimu, na mdogo wake wa kiume wakamwita Chapchap, maana hata chai aliinywa amesimama. Kwa miaka saba ndugu hawa wawili walitengeneza lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Dada alibuni kanuni, mdogo wake akaunda chombo cha kuitafsiri lugha hiyo kwa mashine.

Kanuni yenyewe ilikuwa kali. Kitanzi, yaani kipande cha kazi kinachorudiwa, kiliruhusiwa kuzunguka kwa kadiri ya urefu wa data iliyoletwa mwanzoni, basi. Na matokeo yaliyozaliwa ndani ya kitanzi hayakuruhusiwa kuendesha kitanzi kingine. Hivyo kazi ilipoongezeka, muda uliongezeka kwa kiasi kinachovumilika. Mwalimu alithibitisha hilo kwa hesabu, kisha akathibitisha upande wa pili: tatizo lolote linalotatulika kwa muda wa namna hiyo, lugha yao inaliweza. Lugha na kundi hilo la matatizo vikawa chanda na pete.

Kituo cha kutuma magari ya wagonjwa kiliichukua kwa sababu hiyo hiyo. Kilitaka jibu lisilochelewa.

Asubuhi moja mkuu wa zamu alimpigia simu. "Mwalimu, mashine imeganda. Basi limepinduka, tuna majeruhi ishirini na wawili, na haitoi jibu."

"Haiwezekani. Nina uthibitisho."

"Basi huo uthibitisho uje upokee simu."

Alipofika kituoni, aliwakuta wafanyakazi wamerudi kwenye kalamu na ramani ya ukutani, wakipaziana sauti. Mzee mmoja aliyevunjika nyonga alikuwa amelala kando ya barabara kwa dakika arobaini. Baadaye alipona, lakini saa ile hakuna aliyejua kama atapona.

Mwalimu akaifungua programu ya kituo. Mstari wa sitini ulikuwa na amri asiyoijua: *rudia mpaka*, kitanzi kisichowekewa kikomo. Kwa amri hiyo mwandishi wa programu aliifanya mashine ijaribu kila mpangilio wa magari, mmoja baada ya mwingine, hadi ipate ulio bora. Kwa wagonjwa sita, kufumba na kufumbua. Kwa ishirini na wawili, vitukuu wao wangezeeka wakisubiri.

Akafungua kumbukumbu za mabadiliko ya lugha. Amri iliingizwa miezi minane nyuma, na aliyeiingiza ni mdogo wake. Ukurasa wa kwanza wa mwongozo bado ulibeba uthibitisho wa Mwalimu na sahihi yake, kana kwamba hakuna kilichoguswa.

Chapchap alifika kituoni, akamkuta ukumbini.

"Dada, wateja walilalamika. Walisema lugha yetu inawafunga mikono."

"Ndiyo kazi yake, kufunga mikono. Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ulijua."

Akatazama chini. "Nilidhani hawataitumia vibaya."

"Miezi minane tumekula meza moja, mdogo wangu. Kila nilipokwenda kuhutubia watu juu ya uthibitisho huo, wewe ndiye uliyenibebea mkoba. Ukaniacha niseme uongo mbele yao, na mimi sijui."

Mchana ule, mbele ya wafanyakazi wote wa kituo, Mwalimu alitamka wazi kwamba uthibitisho hauhusu lugha waliyopewa, akaomba jina lake lifutwe kwenye mwongozo. Chapchap alimvuta mkono. "Unanivua nguo hadharani!" Jioni mama yao alipiga simu: damu nzito kuliko maji, mwanangu, msamehe mwenzio. Mwalimu akasema amesikia, akakata.

Wiki mbili baadaye Chapchap alituma ujumbe: ameiondoa amri, anaomba warudi kufanya kazi pamoja. Mwalimu hakumpigia. Alichapisha kwenye karatasi kazi yote ya mdogo wake, mistari elfu kumi na mbili, akaisoma mmoja mmoja kwa siku tisa, kalamu nyekundu mkononi. Hakukuta kosa lingine. Alipofika mstari wa mwisho alikaa akiutazama, akitamani furaha ya kumwamini tena ije. Haikuja. Akageuza rundo, akaanza kusoma upya.