Vidonge vya Maganda

Mama Juisi alitoka kwa daktari na pakiti ya vidonge, kichwa kimevurugika kuliko alivyoingia. Miaka yote alikuwa amesimama nyuma ya meza yake sokoni akimenya machungwa, mpaka mishipa ya miguu ikavimba na kujisokota kama kamba. Leo anaambiwa vidonge vya kuisaidia vimetengenezwa kwa maganda ya machungwa. Yale yale anayoyamwaga jalalani kila jioni.

"Penye miti hapana wajenzi," alimwambia mumewe, fundi seremala. "Dawa naitupa, halafu naenda kuinunua."

"Labda ya kwenye pakiti ina kitu zaidi."

"Kitu gani? Chungwa ni chungwa."

Basi vidonge akavifungia kabatini, akaanza kutafuna maganda asubuhi na jioni, uso umekunjamana kwa uchungu. Miguu haikujali. Ilizidi kuwa mizito, akarudi kwa daktari akichechemea.

"Ganda lina dawa kidogo tu, mama," daktari alisema. "Kwenye kidonge imekusanywa nyingi. Na kidonge chenyewe hupunguza uzito wa miguu, hakifanyi miujiza. Nilikwambia pia ukae, uinue miguu. Ukiendelea hivi utapata vidonda, na hiyo meza utaiaga."

Hilo la kukaa alikuwa amejifanya hakulisikia. Sokoni kwao muuzaji akikaa, maana yake bidhaa zimekwisha, na wateja hupita moja kwa moja. Sasa asimame apoteze miguu, au akae apoteze wateja? Alifika nyumbani analia.

"Sijui nishike lipi, niache lipi, baba watoto."

Mume alichukua msumeno, akaenda sokoni, akaikata meza miguu yote mpaka ikamfaa mtu aliyekaa kwenye kigoda. Mama Juisi, aliyemfuata nyuma, alimtazama asijue kama anasaidiwa au anafukuzwa kazi.

Kesho yake alimeza kidonge, akakaa, miguu juu ya kreti tupu. Aliona haya kweli kweli. Watu wakapita.

"Leo umemaliza mapema," mmoja alisema bila kusimama.

Alikuwa anajiinua pale mwalimu wa shule ya jirani aliposimama mbele yake, akaitazama ile miguu.

"Mishipa?"

"Mishipa, mwalimu."

Mwalimu akapandisha sketi kidogo. Ya kwake ilikuwa imevimba vile vile.

"Una kreti nyingine?" aliuliza. "Nipe na juisi, ninywe nimekaa."