Prosesa ya Kizazi cha Kumi

Binti yangu alinitumia orodha ya vitu saba, nami nikakosea kimoja tu. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikurupuka. Mimi ni seremala, mwaka wa ishirini na tatu huu, na mtaani wananiita Milimita kwa sababu milango yangu haikwaruzi sakafu. Vitu sita nilivipata vilevile alivyotaka mtoto. Hicho kimoja ndicho kilichoniumbua.

Ana miaka kumi na tano. Amepewa jina la marehemu mama yangu, kwa hiyo tangu utotoni namwita Mama, naye huitika kwa sauti ya mtu mzima. Anaishi na mama yake mzazi na mume mpya wa mama yake katika mji mwingine, safari ya siku nzima kwa basi. Kwangu huja likizo. Hajawahi kukosa likizo hata moja, mpaka mwezi uliopita mama yake aliponipigia simu.

"Sikiliza, Fundi. Mtoto amekua. Safari hii achague mwenyewe anataka kukaa wapi."

Tangu tuachane ananiita Fundi, kana kwamba nilimtengenezea kabati nikaenda zangu.

Nikampigia mtoto palepale. Yeye hana tabia ya kuzungukazunguka.

"Baba, nataka kuja. Ila likizo hii tuna mashindano ya gemu. Timu yetu ni watu watano, kila mtu anacheza akiwa kwao. Nikija kwako nitachezea nini?"

"Si kuna simu yangu?"

Akacheka mpaka nikaona aibu. "Baba! Hiyo simu yako hata picha inafungua kwa kujifikiria. Inatakiwa kompyuta ya gemu."

"Zinauzwa wapi?"

"Zilizokamilika ni ghali, hutaweza." Akajirekebisha haraka. "Yaani, ni hasara tu. Tununue kipande kimoja kimoja, tuiunge wenyewe. Wewe niambie una kiasi gani, mimi nitachagua."

Hilo "hutaweza" lilinikaa kooni siku mbili. Nilikuwa nimelipwa kazi ya milango ya nyumba moja ya ghorofa, nikamtajia kiasi chote, hata kile cha kununulia mbao za mwezi ujao. Mwanangu akikoma kuja kwangu, hizo mbao nizirandie nani?

Basi tukaanza kuchagua. Kila jioni alinipigia, nami nikakaa na daftari langu la vipimo nikiandika maneno nisiyoyajua. Prosesa ndiyo akili yake. Mazabodi ni ule ubao ambao kila kitu hupachikwa juu yake. Kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha, nayo ndiyo inayokula pesa. Tukichukua kadi nzuri, pawa saplai, ile ya kugawa umeme, inakuwa ndogo, haiwezi kuilisha. Tukiongeza pawa saplai, ram, yaani kumbukumbu yake ya muda, inabidi ipungue. Tukirudisha ram, diski inabaki ya kuhifadhia nyimbo tatu. Ilikuwa kama kujifunika blanketi fupi, ukivuta juu miguu inabaki nje.

"Na hili la saba, kesi, ni nini?" niliuliza siku ya nne, pesa zikiwa zimekwisha kwenye karatasi.

"Kasha la kuwekea vyote. Hilo tutanunua lolote la bei rahisi, Baba."

"Kasha?" nikamwambia. "Mama, unataka nikanunue kasha? Mimi?"

Akauliza, "La mbao?"

"La mkangazi."

Alipiga kelele mpaka mama yake akauliza kule nyuma kuna nini. Akanitumia vipimo, matundu ya hewa yakae wapi, skrubu zishike wapi. Pesa ya kasha tukaihamishia kwenye kadi ya grafiki. Sijawahi kuongea na mwanangu jioni saba mfululizo hata alipokuwa akilala chumba cha pili. Nilikuwa na furaha, nakiri. Kichwa kilivimba.

Kasha lilipokamilika nikaanza kununua. Mazabodi nilipata kwa fundi mmoja anayefunga duka, vitu vingine nikavipata hapa na pale, vyote vilivyotumika. Prosesa ikabaki ya mwisho. Nikaenda kwa dada mmoja mwenye duka jembamba kuliko mlango wangu, nyaya zimening'inia mpaka kichwani mwa mteja. Nikampa daftari.

"Hii ya kizazi cha tisa, ya mwisho nimeiuza jana," akasema bila kuniangalia, anahudumia watu watatu kwa mpigo. "Ipo ya kizazi cha kumi. Mpya zaidi, kali zaidi. Nitakupa kwa bei ileile kwa sababu umevaa vumbi la kazi."

"Kizazi cha kumi, kwani ni ukoo?"

Akacheka. "Mazabodi ipo?"

"Ipo," nikamjibu. Ilikuwepo. Ilikuwa nyumbani juu ya meza, nimeifunika kitambaa kisafi.

"Basi sawa, mzee wangu. Ila kikishatoka hapa hakirudi."

Ningeweza kumpigia mtoto. Hilo ndilo linalonitafuna. Simu ilikuwa mfukoni, salio lilikuwepo, naye alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja: "Kitu kisipofanana na orodha, niulize." Lakini nilitaka nimshangaze. Cha tisa aliomba yeye, cha kumi namletea mimi. Nilitembea kurudi nyumbani nikitabasamu peke yangu njiani, watu wakinipisha.

Tulikubaliana tuiunge Jumamosi saa sita mchana, yeye akinielekeza kwa video. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimekwisha kunawa mikono mara mbili. Nikasema niianze tu, akipiga aikute inawaka.

Mazabodi ilikaa ndani ya kasha utadhani vimezaliwa pamoja. Ram ikaingia, kadi ikaingia. Kisha nikashika prosesa. Kidude chenyewe ni kibapa, hata biskuti ni kubwa kuliko hicho. Kwenye soketi, kitako chake juu ya mazabodi, kuna vijino viwili vya plastiki, na ubavuni mwa prosesa kuna mapengo mawili ya kupokea vijino hivyo. Havikukutana. Nikaigeuza huku, nikaigeuza kule. Vilipishana kwa milimita moja, labda na nusu.

Sasa nisikilizwe vizuri. Katika kazi yangu, kitu kikikataa kuingia kwa milimita moja, hakuna anayeita mkutano. Unapunguza. Bawaba inapunguziwa, droo inapunguziwa, fremu inapunguziwa, na mteja anakushukuru. Maisha yangu yote nimelishwa na milimita moja. Nilichukua tupa ndogo ninayonolea msumeno, nikavipiga vile vijino taratibu, mkono umetulia, mpaka vikaisha. Nikapuliza unga wake kwa mdomo. Prosesa ikalala sawasawa. Nikabana kifuniko kwa ule mkono wake wa chuma, kikalia kru, nikasema moyoni ni upya tu.

Skrini niliazima kwa jirani mpiga picha. Nikawasha. Feni zikazunguka, taa ikawaka ndani ya mkangazi, jamani, nikapiga makofi peke yangu karakana nzima. Kisha nikasubiri picha. Nikasubiri. Skrini ilibaki nyeusi, nami naiona sura yangu mle ndani.

Nikazima, nikawasha. Nikachomoa nyaya, nikachomeka. Nikaomba dua. Mpaka saa sita nilikuwa nimelowa jasho, na simu ikaita.

"Wee, Baba! Umeshaanza?" Alisogeza uso kwenye simu alione kasha vizuri. "Ni zuri. Ni zuri kuliko nilivyofikiri. Kwa nini haiwaki?"

"Inawaka. Haionyeshi tu."

"Nisomee maandishi ya juu ya boksi la prosesa."

Nikamsomea.

"Hiyo ni ya kumi, Baba."

"Si ndiyo bora?"

"Ni bora kwa mazabodi yake. Yetu ni ya tisa. Hizo haziingiliani, hata ukitaka haiingii." Kisha akauliza, "Iliingiaje?"

"Nilipunguza kidogo."

"Ulipunguza nini?"

Sikuwa na jinsi, nikamweleza. Akaniambia niitoe, nimwonyeshe chini yake, niisogeze simu karibu. Ndani ya soketi kulikuwa na vidude vya shaba vyembamba kama nywele, mamia, vimejipanga mstari. Upande mmoja vyote vimelala. Vingine vimekatika. Mimi ndiye niliyevibana, kwa mkono huu huu, nikafurahia ile kru.

Nilitaka apige kelele. Angeniita mjinga ningepumua. Lakini mtoto alisema polepole, "Hamna shida, Baba," na mama yake alisema hivyohivyo siku anafunga mizigo.

"Nipe saa moja," nikamwambia, nikatoka mbio na prosesa mkononi.

Yule dada wa duka aliisikiliza habari yangu, akaacha wateja wake wote. "Umepiga tupa? Soketi?" Akamwita fundi wake aje asikie. Fundi akacheka, kisha akaniona uso, akaacha. Hawakunidhulumu, lazima niseme. Waliijaribu prosesa yenyewe kwenye kompyuta nyingine, nayo ilikuwa imekufa.

"Na mazabodi?" nikauliza.

"Mzee wangu," dada akasema, "hiyo itundike ukutani."

Niliuliza bei ya vyote viwili. Nikaingiza mkono mfukoni, nikautoa. Hata cha kuuza sikuwa nacho: mkangazi niliokuwa nimebakiza ulikwisha kwenye kasha, na nusu ya vyombo vya karakana sivitumii wala havina mnunuzi. Niliganda pale mlangoni mpaka mteja wa nyuma akaniomba njia.

Nilipompigia tena mtoto, simu ilipokelewa na yule bwana, mume wa mama yake. Anafunga viyoyozi maofisini. Ubaya wake ni kwamba hana ubaya, nimeutafuta miaka minne.

"Kaka, pole na kazi. Mtoto amenieleza. Mambo haya yanatokea, hata mimi niliwahi kuunguza moja." Alikuwa anadanganya, tena kwa wema. "Sasa tufanye hivi, prosesa na mazabodi nitamnunulia mimi leo. Wewe tutumie hivyo vingine pamoja na kasha, aiunge huku. Likizo ijayo atakuja nayo."

"Si uvitume huku?" nikasema. "Akija atavikuta."

Akampa simu mtoto mwenyewe.

"Mama," nikamwambia, "wewe unasemaje?"

"Mashindano ni Jumatano, Baba. Nikija huko halafu kitu kikakataa tena, nitakuwa nimewaangusha wenzangu."

"Sitagusa kitu. Utaunga mwenyewe, mimi nitakaa pembeni."

"Baba." Sauti ilianza kukatika. "Usinifanye nichague hivyo."

Nikajikaza. Nikamwambia amepanga vizuri, amefikiri kama mtu mzima, asilie. Watoto wa wenzangu nimewatengenezea vitanda, meza, hadi meli za kuchezea, na huyu mmoja nilishindwa kumwekea kitu cha kumfanya aje kulala kwangu wiki tatu.

Jumapili asubuhi nilifungua kila kipande nikakizungushia gazeti. Kasha nikalivalisha blanketi la kitanda chake, sikuwa na kingine laini. Nikalibeba begani hadi ofisi ya vifurushi ya kampuni ya mabasi. Karani alikuwa kijana mwenye haraka, kalamu sikioni, foleni nyuma yangu inaguna.

"Mpokeaji?"

Nikataja jina la mwanangu.

"Miaka?"

"Kumi na tano."

"Hapana, mzee. Mpokeaji awe mtu mzima mwenye kitambulisho. Nani atakuja kuchukua?"

Mama yake huwa kazini Jumatatu. Nikataja jina la yule bwana, herufi moja moja, karani akaandika.

"Huyu ni nani wa mtoto? Kuna sehemu hapa ya kujaza."

Nilimwangalia. Nyuma yangu mwanamke mmoja alisema jamani tunachelewa basi.

"Andika baba," nikamwambia.

Akaandika. Kisha akavuta karatasi karibu, akashuka mstari wa chini, akaniuliza na mimi mtumaji ni nani.

"Fundi," nikasema.